Nani Aliyemtuma Mchunguzi?

Kijiji nilikokulia kiko upande wa Mbulu, pale ardhi inapoanza kuteremka kuelekea Hanang. Asubuhi isiyo na mawingu, mtu akisimama uwanja wa mikutano aliuona mlima Hanang umekaa peke yake, kama mzee aliyewahi kufika barazani kabla ya wengine. Tulikuwa na josho la ng'ombe. Kila kaya ilichanga fedha ya dawa kwa hesabu ya mifugo yake, na mchango huo ulitunzwa na uongozi wa kijiji. Msimu mmoja dawa haikuja. Kupe wakazidi, ndigana ikaingia, ndama wakaanza kufa. Watu wakauliza fedha yao iko wapi.

Mwenyekiti hakukasirika hata kidogo. Alisema swali ni zuri, na kwa kuwa yeye hakuwa na la kuficha angeunda kamati ya watu watatu. Akawataja papo hapo: wa kwanza shemeji yake, wa pili karani wake, wa tatu mwalimu mstaafu aliyeheshimiwa na kila mtu. Mimi nilikuwa kijana mwenye mwandiko unaosomeka, nikaombwa kunakili maelezo. Kwa haki ya Mungu, kazi ile ilifanywa kwa bidii. Stakabadhi zilihesabiwa moja moja, wazee walihojiwa, na yule mwalimu hakumwonea haya mtu yeyote. Taarifa ilifika kurasa kumi na moja. Kisha ikapelekwa kwa aliyeiagiza. Mwenyekiti aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaitia katika kasha la bati lililokuwa chini ya kitanda chake. Mkutano uliofuata ulipouliza, jibu lilikuwa fupi: "Taarifa inafanyiwa kazi."

Jioni moja bibi mmoja wa Kidatoga, jirani yetu, aliniita nikipita njiani.

"Mjukuu wangu, wewe ndiwe uliyeandika yale maneno ya josho?"

"Ndimi, bibi."

"Nani aliwatuma?"

"Mwenyekiti, bibi."

"Basi mmemwandikia yeye. Sisi bado hatujaandikiwa."

Maneno hayo niliyasikia kama mzaha wa kikongwe. Imenichukua miaka mingi kuelewa kwamba bibi yule alikuwa amegusa kiini cha jambo ambalo wanasheria huliandikia vitabu, yaani uwezo wa Bunge kuichunguza Serikali, na tofauti iliyopo kati ya uwezo huo na tabia ya Serikali kujichunguza yenyewe. Katika kurasa hizi nataka kulitazama jambo hilo kwa jicho la ukosoaji, nikianzia hapa kwetu, kwa sababu hapa kwetu liligharimu watu ardhi.

Ibara ya 63 ya Katiba ya mwaka 1977 inalitaja Bunge kuwa chombo kikuu cha Jamhuri ya Muungano chenye madaraka, kwa niaba ya wananchi, ya kuisimamia na kuishauri Serikali na vyombo vyake vyote. Ibara hiyo hiyo inampa mbunge haki ya kumwuliza waziri swali lolote lihusulo mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Sheria ya Kinga, Madaraka na Haki za Bunge ya mwaka 1988 ikaongeza meno: kamati inaweza kumwita shahidi na kudai nyaraka. Kwa maandishi, basi, hatukunyimwa kitu. Yule anayeuliza "fedha iko wapi" anatajwa kuwa ni mwakilishi wa waliochanga. Swali langu ni hili: mbona nchi yetu, kila ilipopatwa na jambo zito, ilizoea zaidi kusikia kwamba Rais ameunda tume kuliko kusikia kwamba Bunge limeunda kamati?

Tuchukue ngano ya Hanang. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa msaada wa Kanada, Serikali ilianzisha kilimo kikubwa cha ngano katika nyanda za Basotu. Shirika la umma la NAFCO likawa na mashamba saba, yakiwamo Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda na Gawal, eneo lote likikaribia ekari 100,000. Kwa mtu aliyetazama ramani, ile ilikuwa ardhi tupu. Kwa Wabarbaig, ambao ni Wadatoga wa Hanang, yale yalikuwa malisho bora kuliko yote, yenye majira yake ya kuingia na ya kutoka, na ndani yake mlikuwa na bung'eda, yaani vichuguu vya makaburi ya wazee wao wenye heshima. Matrekta yalipita juu ya baadhi ya makaburi hayo. Njia za kuendea maji na chumvi zikafungwa. Watu walilalamika kupigwa, kutozwa faini na kuchomewa makazi.

Wananchi walikwenda mahakamani. Kesi ya Halmashauri ya Kijiji cha Mulbadaw na wenzao 67 dhidi ya NAFCO ilifunguliwa mwaka 1981. Mwaka 1984 Mahakama Kuu iliwapa haki, na mwaka uliofuata Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo. Miongoni mwa sababu ni kwamba walalamikaji hawakuthibitisha kuwa wao ni wenyeji kwa maana ya sheria ya ardhi iliyorithiwa kutoka kwa mkoloni. Ebu fikiri, ndugu msomaji: Mbarbaig wa Hanang anatakiwa alete ushahidi kwamba ni mwenyeji wa Hanang! Kisha, mwishoni mwa miaka ya 1980, zikatoka amri za Serikali za kufuta haki za kimila katika ardhi hiyo. Lililokuwa linabishaniwa mbele ya hakimu likamalizwa kwa tangazo katika gazeti la Serikali.

Kelele zilipofika nje ya nchi, hadi kwa wananchi wa Kanada wenyewe, mwanzoni mwa miaka ya 1990 iliundwa tume chini ya Jaji Robert Kisanga kuchunguza uvunjwaji wa haki za binadamu katika mashamba hayo. Wakati huo huo Tume ya Rais ya Uchunguzi wa Masuala ya Ardhi, iliyoongozwa na Profesa Issa Shivji, ilizunguka nchi nzima na kukabidhi taarifa yake mwaka 1992. Hizi hazikuwa tume za mchezo. Wajumbe walikaa chini ya miti wakasikiliza. Aliyewahi kusoma juzuu ya kwanza ya taarifa ya Shivji, iliyochapishwa mwaka 1994, anajua kwamba ni miongoni mwa maandishi makini kabisa yaliyopata kuandikwa kuhusu mkulima na mfugaji wa Tanzania.

Basi kasoro iko wapi? Haiko katika uchunguzi, iko mwanzoni na mwishoni mwake. Mwanzoni, sheria ya tume za uchunguzi inampa Rais kuchagua wajumbe na kuandika hadidu za rejea, yaani kuamua mchunguzi atazame wapi na asitazame wapi. Mwishoni, taarifa inarudi kwake, na sheria haimlazimishi kuichapisha wala kueleza amefanya nini nayo. Juzuu ya kwanza ya Shivji tuliipata madukani. Juzuu ya pili, ile iliyochambua migogoro yenyewe mahali kwa mahali, haikupewa mzunguko huo. Ndiyo kusema tulipewa hekima ya jumla, lakini majina ya mahali yalibaki kwenye kasha la bati. Wahenga walisema mwamba ngoma huvutia kwake. Hawakumaanisha kwamba mwamba ngoma ni mtu mbaya. Walimaanisha kwamba ngozi hufuata mkono unaoivuta.

Jaji Kisanga huyo huyo aliongoza, mwaka 1998 na 1999, kamati ya kukusanya maoni kuhusu Katiba. Ilipotoa mapendekezo ambayo hayakumpendeza aliyeiunda, Rais Mkapa alisema hadharani kwamba kamati ilivuka mipaka ya kazi yake. Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Aliyekutuma sokoni akuletee chumvi anaweza kukukemea ukirudi na sukari. Lakini sisi tuliotoa maoni hatukuwa na pa kuikemea kamati wala pa kuitetea, maana haikuwa imetumwa na sisi.

Hata ile Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, ambayo tulijivunia kwa haki kuwa ya kwanza ya aina yake Afrika ilipoanzishwa mwaka 1966, ilipokea malalamiko ya wanyonge na kupeleka taarifa kwa Rais. Ilisaidia watu wengi wadogo dhidi ya wakubwa wadogo. Mkubwa mkubwa lilikuwa jambo jingine. Nafasi yake ikachukuliwa na Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2001.

Mtu ataniuliza: na Bunge lilikuwa wapi wakati wote huo? Hapana budi tujibu bila kuoneana aibu. Katika mfumo wa chama kimoja, hasa baada ya ukuu wa chama kuandikwa katika Katiba mwaka 1975, mbunge aliyeing'ang'ania Serikali alikuwa akikibishia chama kilichompa kiti. Mwaka 1968 baadhi ya wabunge walikuwa tayari wamefukuzwa TANU na kupoteza viti vyao, na somo hilo halikusahaulika. Zaidi ya hapo, Bunge si malaika. Ni Bunge hili hili lililopitisha mwaka 1992 sheria ya umilikaji wa ardhi katika vijiji vilivyoandikishwa, iliyofuta haki za kimila za watu waliopokonywa mashamba wakati wa operesheni vijiji na kuwafungia mlango wa mahakama. Aliyetuokoa na sheria hiyo hakuwa mbunge. Walikuwa wakulima wawili wa Kambi ya Simba, kata ya Mbulumbulu, wakati huo ikiwa bado Mbulu na leo ni Karatu. Katika shauri la Lohay Akonaay na Joseph Lohay, Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali iliamua Desemba 1994 kwamba haki ya kimila katika ardhi ni mali inayolindwa na Katiba, na haiwezi kuchukuliwa bila fidia ya haki. Mbulu tuna sababu ya kujivunia hukumu ile. Tuna sababu pia ya kujiuliza kwa nini baba na mwanawe walilazimika kupambana na sheria iliyopitishwa kwa jina lao.

Kuna fundo jingine, nalo linatuhusu sisi wa Mbulu na Hanang kuliko wengi. Ibara ya 55 ya Katiba inaagiza kwamba mawaziri wote na manaibu wao wateuliwe kutoka miongoni mwa wabunge. Hanang ilimchagua Frederick Sumaye kuanzia mwaka 1985. Akawa Naibu Waziri na kisha Waziri wa Kilimo, halafu Waziri Mkuu kwa miaka 10, kuanzia 1995 hadi 2005. Aliyemfuata, Dokta Mary Nagu, naye akawa waziri. Mbulu ilimtuma Philip Marmo, naye akashika wizara mbalimbali, hata ile iliyoshughulikia mambo ya Bunge, hadi aliposhindwa uchaguzi wa mwaka 2010. Tulishangilia, na nani asingeshangilia mtoto wa nyumbani akipanda? Simlaumu hata mmoja wao. Wote walifuata Katiba kama ilivyo. Lakini tuhesabu tulichotoa. Mwenye kiti chetu bungeni alikuwa upande wa wanaojibu maswali, siyo upande wa wanaouliza. Mfugaji wa Basotu aliyekuwa na shauri na Serikali alimpelekea mbunge wake, na mbunge wake alikuwa Serikali. Kati ya Serikali na Bunge tuliweka mlango mmoja na kumkabidhi mtu mmoja funguo za pande zote mbili.

Hata hivyo nisingepoteza wino kuandika haya kama uwezo huu ungekuwa ni maandishi matupu. Umewahi kufanya kazi, na ulipofanya kazi nchi nzima ilisimama. Mwaka 1996, Bunge la kwanza la vyama vingi halijamaliza hata miaka miwili, Waziri wa Fedha, Profesa Simon Mbilinyi, aliachia ngazi baada ya kamati teule kuchunguza misamaha ya kodi. Mwaka 2007, baada ya nchi kukaa gizani na mkataba wa umeme wa dharura kupewa kampuni ya Richmond, chombo cha Serikali cha kuzuia rushwa kilichunguza na kusema hakuona rushwa. Bunge halikutosheka. Novemba mwaka huo liliunda kamati teule ya watu watano chini ya Dokta Harrison Mwakyembe, na taarifa yake ikasomwa Dodoma mwanzoni mwa Februari 2008. Nakumbuka tulivyojazana Katesh kwenye duka lenye televisheni, wengine wamesimama barabarani na redio sikioni. Hakuna aliyeuliza chai. Tarehe 7 Februari Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu, mawaziri wawili wakamfuata, na Baraza la Mawaziri likavunjika.

Msomaji angalie kilichotofautiana. Jambo lilikuwa lile lile, mkataba ule ule, mashahidi wengi wale wale. Mchunguzi wa kwanza alitumwa na Serikali, wa pili alitumwa na Bunge, nao hawakuona kitu kimoja. Na taarifa ya pili haikupelekwa chumbani kwa mtu. Ilisomwa kwa sauti mbele ya walalamikiwa wenyewe, na mama muuza mboga wa Katesh aliisikia saa ile ile aliyoisikia Waziri Mkuu.

Mkosoaji wa kweli hakosoi upande mmoja. Kamati ile nayo ilikuwa na dosari kubwa: Lowassa alilalamika kwamba haikumwita kumhoji, na lalamiko hilo lina uzito. Mtu hahukumiwi kwa barua za watu wengine wakati yeye mwenyewe yuko nyumba ya pili. Maazimio nayo yalirudi bungeni mara kwa mara hadi mjadala ulipofungwa mwaka 2010, na wengi waliona moto ulizimwa kabla chungu hakijachemka. Nchi jirani imetupa onyo jingine. Bunge la Kenya liliunda kamati teule mwaka 1975 kuchunguza mauaji ya J. M. Kariuki, na kabla taarifa haijawekwa mezani majina ya watu waliokuwa karibu na Rais yaliondolewa. Kwa hiyo si kila kilichoandikwa "kamati teule" ni dawa.

Kwa wafugaji, mfano ulio karibu zaidi ni wa mwaka 2013. Operesheni Tokomeza ilianzishwa kuwasaka majangili, lakini vilio vya watu kupigwa, kuteswa na kuuliwa mifugo vikafika bungeni. Kamati ya Ardhi, Maliasili na Mazingira chini ya James Lembeli ilichunguza, na Desemba mwaka huo mawaziri wanne walipoteza nyadhifa zao siku moja. Mwaka uliofuata Rais akaunda tume ya majaji juu ya jambo hilo hilo. Sina ugomvi na tume kuja baada ya Bunge. Kule Hanang hatukupata bahati ya mpangilio huo.

Kisha ukaja wakati wa kurudi nyuma. Mwaka 2016 matangazo ya moja kwa moja ya vikao vya Bunge yalisitishwa, na lile duka la Katesh likarudi kuonyesha mpira. Mwaka 2019 Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, Profesa Mussa Assad, aliitwa mbele ya kamati ya Bunge kwa sababu alisema Bunge ni dhaifu katika kushughulikia taarifa zake. Aprili Bunge likaazimia kutofanya kazi naye, na Novemba nafasi yake ikachukuliwa na mwingine. Uwezo wa kuita mashahidi, tuliopewa ili tumwulize mwenye kasha la bati, ulitumika kumwuliza mwenye kuhesabu stakabadhi.

Sipendekezi tufute tume za Rais. Jaji mwenye subira anaweza kufanya kazi ambayo mwanasiasa hana muda nayo. Ninachokitaka ni kidogo. Taarifa ya tume yoyote iliyolipiwa na wananchi iwekwe mezani bungeni ndani ya muda uliotajwa na sheria. Kamati ya Bunge isimtaje mtu bila kumsikiliza. Na mawaziri wasiwe wabunge, ili kiti cha Hanang kibaki kiti cha Hanang.

Bibi yule alinieleza siku ile kwamba wanawake wa Kidatoga wana baraza lao. Mwanamume akimkosea mwanamke katika yale yanayogusa heshima ya uzazi, wao hukutana, husikiliza, hutoza faini ya ng'ombe. Nikamwuliza kwa ujinga wa ujana, je, wanaume hawachagui wajumbe? Alicheka mpaka akashika mbavu.

Na josho? Yule mwalimu mstaafu alikuwa amebaki na nakala yangu ya kwanza, yenye makosa na wino uliovuja. Kwenye mkutano mkuu wa kijiji baada ya mavuno aliinua mkono, akasema, "Ndugu Mwenyekiti, naomba nisome." Alisoma kurasa zote kumi na moja. Hakuna aliyempigia makofi wala aliyezomea. Watu walisikiliza tu, na mara moja moja mtu alisema kwa sauti ya chini, "Hiyo ni yangu," aliposikia mchango wake ukitajwa. Fedha haikurudi yote. Nusu yake ililipwa kwa mafungu, mwaka uliofuata dawa ikaja, na tangu siku hiyo hesabu ya josho ilisomwa uwanjani. Nilimtafuta bibi kwa macho. Alikuwa amekaa chini ya mti na fimbo yake mapajani, ananitazama, na nilipokaribia kumsalimu alisema tu, "Leo tumeandikiwa."